Arbuni

Lari mia nne nilimhesabia Jumberi juu ya boneti,
noti zenye harufu ya pasi na mvuke,
jasho la suruali kumi na tisa zilizofupishwa
na gauni moja la harusi lililoongezwa kiunoni
siku mbili kabla, bila mtu kuuliza kwa nini.
Akaandika risiti nyuma ya karatasi ya kalenda:
Arbuni. Gari la rangi ya fedha. Na sahihi kama uzi uliokatika.

Rustavi upepo haubishi hodi.
Unatoka kwenye mabomba ya kiwanda cha chuma,
unapita kati ya magari yaliyopangwa safu kwa safu,
kila moja lilishuka melini na jeraha lake,
likanyooshwa, likapakwa rangi, likafunzwa kutabasamu.
Langu lilisema: kilomita themanini na tisa elfu.
Lilisema kwa tarakimu za kijani, bila kupepesa jicho.
"Lilikuwa la mwalimu mstaafu," alisema Jumberi,
"huko Amerika. Kanisani na sokoni, basi."
Nikaamini. Nukri wangu kaahidiwa kazi
ya kupeleka mikate Tbilisi kabla hakujapambazuka,
mradi aje na gari lake.
Kipya kinyemi, na kidonda nilikuwa sijakiona.

Simu ikamwita, akaniacha nimeketi ndani.
Mimi si fundi. Injini kwangu ni sufuria iliyofunikwa.
Lakini kiti,
kiti ni nguo.
Nikapitisha kidole kwenye mshono wa kushoto,
pale paja la dereva linaposhukia kila siku.
Uzi mpya. Nailoni nyeusi, ya huku kwetu,
ileile ninayonunua kwa Eteri, kibanda cha tatu.
Mshono wa kulia ulikuwa wa kijivu, wa mashine ya mbali,
umekula miaka yake kimya, hakuna aliyeugusa.
Nani hushona upya kiti cha mtu wa kanisani na sokoni?

Kisha pedali: mpira mpya juu ya chuma kilicholika.
Kisha ukingoni mwa mlango, kibandiko cha oili
kilichokwanguliwa nusu. Maneno yake siyajui.
Tarakimu hazina lugha: 1, 4, 2, 6,
na mbili za mwisho zimeondoka na ukucha wa mtu.
Na hizo ni maili.
Nilizidisha pembeni mwa risiti yangu mwenyewe:
laki mbili na elfu ishirini na nane.
Mwalimu yule alisali sana.

"Nirudishie."
"Arbuni hairudi, bibiye. Ingekuwa amana, ningekutunzia."
Nikamwonyesha kibandiko; akatazama mawingu.
Nikamwonyesha mshono; akainama.
"Umeuonaje?"
"Umeruka mara tatu. Aliyeshona alikuwa na haraka
na sindano nene kuliko kazi."
Akacheka, cheko la mtu aliyeokota kitu.
Akanihesabia mia na hamsini, taratibu,
kama anayeng'oa meno yake mwenyewe.
Halafu, akiwa bado ameshika noti ya mwisho:
"Ghalani nina viti sabini. Lari thelathini kila kimoja.
Wewe, Lamzira, ungeshona hata shetani asione."

Sikujibu. Nilifunga mlango wa gari kwa upole,
kama mlango wa chumba alimolala mgonjwa.

Usiku huu koti la mzee Shota liko mezani.
Kola imelika; naifumua, naigeuza,
upande uliochoka ulale ndani, mzima utoke nje.
Miaka ishirini na miwili naifanya kazi hii
na sijamdanganya mtu, maana aliyeniomba
ndiye atakayelivaa.
Hapo ndipo penye tofauti, najiambia,
nyembamba, lakini ipo, naipitisha kwenye tundu la sindano.

Nukri anauliza kutoka jikoni: vipi gari?
Thelathini mara sabini.
Nimeshazidisha.
Risiti bado ilikuwa na nafasi pembeni.